Mtu wa Kupigiwa Simu

Aliyesema kupima damu ni kazi ya dakika tano, siku nikimpata kwenye kiti changu nitamsuka mpaka nyusi zimpande. Ijumaa hiyo ilikuwa mara yangu ya nne kufika kwenye maabara ile ndani ya siku nne, na bado sikuwa na karatasi mkononi. Nilichokuwa nacho ni alama za sindano mikono yote miwili, njaa ya tangu jana yake jioni, na hofu.

Jumanne nilirudishwa kwa sababu ya kikombe cha chai.

"Umekula?" dada wa mapokezi aliniuliza bila kuinua macho.

"Sijala. Nimekunywa chai tu."

"Ina sukari?"

"Chai isiyo na sukari si dawa hiyo, dada yangu?"

"Rudi kesho," akasema, akaita anayefuata.

Jumatano nilifika na tumbo tupu, nikaambiwa fomu haina muhuri. Nikaufuata muhuri kwa daktari aliyeniandikia vipimo, nikarudi, namba yangu ikawa imepita. Nikapewa nyingine, na fomu mpya juu yake nijaze upya kila kitu. Nilipoingia hatimaye chumba cha kutolea damu, mama mmoja mwenye haraka zake alinifunga mpira juu ya kiwiko, akautafuta mshipa mkono wa kulia akaukosa, akahamia wa kushoto. "Kunja ngumi. Kaza. Fungua. Kunja tena. Kaza, dada, mshipa wako umejificha." Nikakaza. Mimi ni msusi, mwaka wa kumi na moja huu. Nikiambiwa nikaze, sitanii.

Alhamisi mchana wakanipigia simu.

"Unatakiwa urudi," ilikuwa sauti ileile ya dada wa mapokezi. "Kipimo kimoja kinarudiwa."

"Kipi?"

"Cha figo. Hakikukaa sawa. Mengine utaambiwa huku."

Mteja nilikuwa nimemfikisha nusu ya kichwa. Nilimwacha hivyohivyo, nikaenda na kitana kimechomekwa kwenye nywele zangu mwenyewe. Kufika, naambiwa damu huchukuliwa asubuhi tu, nikafunge kula, nirudi Ijumaa saa moja. Nikauliza kipimo kimesemaje. Wa kusema ni mtaalamu, nikajibiwa, na mtaalamu ameshatoka.

Lazima nieleze neno hilo "kinarudiwa" lina nini kwangu. Mama yangu alianza kufa kwa neno hilohilo. Alikwenda kupima vipimo vya kawaida, akaitwa kipimo cha figo kirudiwe, akarudi. Baada ya hapo alirudi mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, miaka minne, baba akimshika kiwiko kila ngazi, mpaka baba naye akazeeka kabla ya wakati wake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sikushtuka tu, niliing'ang'ania meza ya mapokezi.

Na kulikuwa na ahadi.

Mwanamume niliyempenda ni fundi wa majokofu. Mtaa mzima wanamwita Fundi, nami namwita hivyohivyo, ila mimi jina nalivuta kidogo mwishoni. Jumapili iliyopita mama yake alikuja saluni kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja na kilemba chake kichwani, na nikajua hakuja kusukwa.

"Mwanangu alimuuguza baba yake miaka sita," alisema. "Kumgeuza kitandani, kumwogesha, kila kitu. Yalipokwisha nilipewa mtoto aliyesahau kucheka. Wewe ndiye uliyemrudishia kicheko, sikatai. Lakini nimesikia mama yako aliondoka na ugonjwa gani."

"Mama, mimi ni mzima."

"Inshallah. Kapime, binti yangu. Vipimo vya kawaida tu. Kukiwa na kitu, nakuomba umwache wewe mwenyewe. Mimi nikisema hatanisikia."

"Na kusipokuwa na kitu?"

"Jumamosi wazee wetu wanakuja kwenu, na mimi nitawatangulia."

Hakunitukana, hakunikunjia uso. Angenitukana ningejibu, mdomo ninao. Lakini alikuwa ananiomba, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nikamwahidi. Ahadi ni rahisi ukiwa unajiona mzima.

Kwa hiyo Alhamisi jioni niliandika ujumbe, nikaufuta, nikauandika tena, mara nne. Ulioondoka ni huu: "Fundi, tuishie hapa. Usinitafute wala usiniulize. Nakutakia mema." Kisha nikazima simu, nikalala kifudifudi nikiuma foronya ili baba asinisikie chumba cha pili.

Sasa Ijumaa, saa moja kasoro, mlango wa maabara haujafunguliwa, nani amekaa kwenye ngazi na sanduku lake la vifaa? Shati amelifunga vifungo vibaya, upande mmoja umepanda juu.

"Umefuata nini?" nikamuuliza. Nilitaka sauti iwe kali, ikatoka imepasuka.

"Nimepigiwa simu."

"Na nani?"

"Maabara. Jana, nusu saa baada ya ujumbe wako. Yako haipatikani, wakasema nikukumbushe usile na ufike mapema." Alinitazama kwa macho mekundu ya mtu asiyelala. "Nikawauliza namba yangu mmeipata wapi. Wakasema wewe ndiye uliyeiandika. Mtu wa kupigiwa ikitokea dharura."

Nikakumbuka ile fomu mpya ya Jumatano. Niliijaza kwa njaa na hasira, sikuwaza hata kidogo. Mkono uliandika namba ninayoijua kuliko yangu. Namba ya baba yangu haikunijia, wala ya dada yangu.

"Nilikosea," nikasema.

"Kuandika namba, au kuniacha?"

"Fundi, nenda kazini."

"Siendi."

"Basi kaa. Ngazi si yangu."

Akakaa. Nami nikasimama hatua tatu mbali naye, nikiangalia ukuta kama mtu anayesoma tangazo, na ukuta haukuwa na tangazo. Nilitamani aondoke na niliogopa ataondoka.

Mlango ulipofunguliwa tuliingia pamoja. Dada wa mapokezi aliitoa fomu yangu, akaipitia kwa kalamu.

"Huyu ni nani wako? Namba umeandika, sehemu ya uhusiano umeiacha wazi."

Nikajifanya natafuta kitu mkobani.

"Kaka, wewe ni nani wake?"

"Muulize mwenyewe," Fundi akasema. "Mimi hata sijui tangu jana."

Yule dada alitutazama mmoja mmoja, akairudisha fomu kwenye faili. "Kaeni benchi. Mtaitwa."

Benchi lilikuwa la chuma, baridi. Mbele yetu mzee mmoja alikuwa amefunika mdomo kwa leso, akisinzia. Fundi aliweka sanduku lake katikati yetu, kisha akaliondoa, akaliweka chini.

"Nieleze," akasema kwa sauti ya chini. "Ukishanieleza, ukitaka niondoke, nitaondoka. Lakini siwezi kuachwa kwa maneno machache ya simu, Vidole. Hata jokofu nikishindwa kulitengeneza, namweleza mwenyewe limekufa nini."

Aliponiita Vidole, jina lake la kunitania, nilikwisha. Nikamwambia yote: simu ya Alhamisi, kipimo cha figo, mama yangu na ngazi zake, mama yake na ahadi yangu. Nilisema nikitazama sakafu. Nilisema siwezi kumfanya awe kama baba yangu. Nilisema amekwisha uguza zamu yake, inatosha, na mimi si mkatili.

Nilipomwangalia, taya alikuwa amelikaza, na nikaogopa, kwa sababu katika miaka miwili sijawahi kumwona Fundi amekasirika kweli.

"Mama anadhani ile miaka sita ndiyo iliyoniua," akasema. "Hajui kitu, na sijawahi kumwambia. Baba aliujua ugonjwa wake mwaka mzima kabla hajatuambia. Mwaka mzima anakaa nasi mezani, anacheka, anajua. Alisema hakutaka kutupa mzigo. Kumwogesha hakukuniuma, yule ni baba yangu. Kinachoniuma mpaka leo ni ule mwaka. Nilikuwa naye kila siku, na kumbe alikuwa peke yake." Akanigeukia. "Na wewe ndicho ulichotaka kunifanyia."

"Nilitaka kukuokoa."

"Na nani? Na wewe?"

Namba yangu ikaitwa.

Mtaalamu wa siku hiyo hakuwa yule mama wa haraka. Alikuwa mzee mwembamba, miwani imemshukia puani, anafanya kila kitu taratibu. Alisoma karatasi yangu ya Jumatano, akaisoma tena, na kila alipovuta pumzi mimi nilikata yangu.

"Niambie ukweli, mzee wangu," nikasema. "Ni figo?"

"Hapa kuna madini kwenye damu yamesoma juu sana. Figo zikilegea hupanda. Lete mkono."

Nikaleta mkono. Ngumi ikajikunja yenyewe.

"Nani amekuambia ukunje?"

"Jumatano niliambiwa nikaze."

"Ukakaza mara ngapi?"

"Mikono yote miwili. Mpaka kucha zikaniingia."

Akainua miwani, akakigeuza kiganja changu, akaona alama nne za kucha. "Unafanya kazi gani?"

"Nasuka."

"Mm." Akaguna kama mtu aliyeona kitu asichotaka kukisema mapema. "Mpira ukikaa sana na mtu akikamua ngumi kwa nguvu, damu inaweza kusoma vibaya. Madini hayo hupanda, kumbe figo hazina habari."

"Kwa hiyo ni ngumi tu?"

"Sijasema hivyo. Huenda. Na huenda siyo. Mashine ndiyo itakayosema. Fungua mkono."

Nilijaribu. Wallahi nilijaribu. Vidole vinavyoweza kutenganisha nywele moja na nyingine gizani vilikataa kunitii. Vilifunguka kidogo, vikajifunga. Niliona sindano, nikaona kiwiko cha mama yangu kilichovimba kwa kuchomwachomwa, ngumi ikakaza zaidi.

"Umekuja na mtu?" yule mzee akauliza.

Kabla sijajibu, pazia likasogea. Alikuwa amesimama hapo nje muda wote.

Mzee hakumuuliza ni nani wangu. Alimwonyesha kigoda tu. Fundi alikaa, akaweka mkono wake ndani ya wangu, kiganja kwa kiganja. Ni mkono mgumu, wenye kovu la kuungua chini ya kidole gumba, na siku zote una ubaridi kidogo.

"Nishike," akasema. "Lakini usinikaze. Ukinikaza nitajua."

Hakuna kazi ngumu niliyowahi kufanya kuliko hiyo, kumshika mtu nimpendaye nikiwa naogopa hivyo na nisimbane. Machozi yalinitoka nikayaacha. Sindano iliingia mara moja. Damu ikaja yenyewe, bila haraka, vichupa vitatu, na mkono wangu ulibaki umelegea ndani ya wake mpaka mwisho.

"Majibu saa nne," mzee akasema.

Saa nne ilifika, mashine ikagoma. Dada wa mapokezi alitangaza hilo kama anavyotangaza mtu mvua inanyesha. Fundi akainuka.

"Naweza kuiangalia. Vifaa ninavyo."

"Kaka, hii si friji. Kaa."

Akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi nilicheka, kicheko kifupi kilichogeuka kilio kabla hakijaisha. Akanipa leso yenye harufu ya mafuta ya mashine. Yule mzee mwenye leso mdomoni alifumbua jicho, akalifumba tena kwa heshima.

"Vidole."

"Naam."

"Nataka unijibu kama utaolewa nami, kabla karatasi haijatoka. Ikitoka nzuri, ukasema ndiyo, nitakuwa nimeposwa na karatasi. Ikitoka mbaya, ukasema hapana, nitakuwa nimeachwa na karatasi. Mimi nataka nijue wewe mwenyewe unasema nini."

"Nimemwahidi mama yako."

"Mama yangu nitaongea naye. Nakuuliza wewe."

"Naogopa, Fundi."

"Na mimi naogopa. Umeona shati?"

Nikaliona tena lile shati lililopinda. Nikaanza kulifungua vifungo na kuvifunga upya, kimoja kimoja, pale pale mbele za watu, kwa sababu mikono yangu haijui kukaa bure na kwa sababu sikuweza kumtazama usoni. Nikamwaza baba yangu. Nilikuwa nimekumbuka ngazi tu siku zote hizi. Nikakumbuka sasa kwamba kwenye ngazi zile walikuwa wakigombana nani mzito, na mama alikuwa anacheka mpaka anaomba wasimame.

Nilipofika kifungo cha juu nikasema, "Ndiyo. Na nikiumwa, leo au miaka ishirini ijayo, utakuwa wa kwanza kujua. Hata kama ni mafua."

Alinishika vile vidole juu ya kifungo, akavishikilia hapo, na nikahisi moyo wake unavyokimbia.

Saa sita kasoro dirisha la majibu likafunguliwa. Nilikuwa nimesema ndiyo, na bado niliogopa vilevile. Pengine zaidi, kwa kuwa sasa nilikuwa na cha kupoteza.

"Majibu hapewi mtu baki," dada wa mapokezi akasema, akimwangalia Fundi nyuma yangu. "Na ile sehemu bado iko wazi."

Nikachukua kalamu yake. Nikaandika: Mchumba.

"Hilo nililijua tangu Jumatano," akasema, na kwa mara ya kwanza akaniangalia usoni. "Kila mtu anayejaza hapa hufungua simu kutafuta namba. Wewe uliiandika hukuangalia popote." Akageuza bahasha upande wangu. "Mtaalamu ameandika chini kwa mkono wake. Soma."

Sikuweza kusoma. Fundi alisoma, midomo ikimtembea, kisha akaegemea dirisha. "Yote kawaida," akasema. "Figo ni nzima. Na hapa ameandika: asikunje tena ngumi." Akanikumbatia hapohapo, bahasha imebanwa katikati yetu, na safari hii nilimkaza nilivyotaka.

Tulipotoka nje niliwasha simu yangu. Kulikuwa na mtu mmoja niliyetaka aambiwe na mimi mwenyewe: mama yake Fundi. Ilipoita mara moja tu ikapokelewa.

"Mama, ni mimi. Majibu yametoka. Damu safi, figo nzima."

Nikasikia pumzi ndefu, na neno la kumshukuru Mungu. Ningeweza kuishia hapo. Fundi alinionyesha kwa kichwa niishie hapo.

"Lakini ahadi niliyokupa sikuitimiza, Mama. Nilimkubali mwanao kabla karatasi haijatoka. Hata ingetoka mbaya, ningekuwa nimeshakubali. Nimeona uambiwe na mimi."

Nikasikia saa ya ukutani nyumbani kwake inavyogonga.

"Aliondoka hapa alfajiri hajala," akasema mwishowe. "Jana jioni pia hakula."

"Najua, Mama."

"Na wewe?"

"Mimi nilifunga kwa ajili ya kipimo."

"Mimi sikuwa na kipimo," akasema. "Na chai yangu ya asubuhi ipo hapa mezani imepoa, imekataa kunipita kooni. Njooni, binti yangu. Njooni wote wawili, tule."